Nguzo Zilizoitikia Hodi

Tulicheza. Naliandika neno hilo peke yake ili nisijipe nafasi ya kurudi nyuma, maana nimelikana kwa muda mrefu kuliko nilivyodumu na mume. Nimelikana shuleni. Nimelikana chuo kikuu, mbele ya kijana wa Kurasini aliyejifanya kuyajua mambo ya kwetu kuliko mimi. Nimelikana hata harusini, sahani ya pilau mkononi, mpaka bibi mmoja akaniambia, "Kula kwanza, mwanangu, hilo gati lilishaanguka, halikimbii." Basi leo nakiri. Siku gati la Mtoni lilipoanguka, wanawake wa kwetu walikuwa juu yake wakicheza lelemama, na mimi, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, nilikuwa nyuma yao nikiwaiga.

Ninachokikataa, na nitakikataa mpaka nizikwe, ni kile ambacho watu hukiongeza hapo: kwamba gati lilianguka kwa sababu tulicheza.

Nilidhani hasira hii imekwisha kupoa. Nimefika umri ambao daktari hunishauri nisikasirike baada ya saa za chai. Lakini majuzi nilikwenda Mtoni kwenye msiba, na baada ya maziko nikateremka ufukweni kunyoosha miguu. Nikakuta vijana wa kampuni fulani wanang'oa visiki vya lile gati la zamani wapate nafasi ya kujenga jipya. Walikuwa wamevilaza mchangani kama meno ya zimwi. Harufu ilinifikia kabla sijaelewa ninachokiona: tope la mikoko, chumvi, na kitu kingine kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Nikasimama pale na viatu vyangu vya msibani vikizama, nimerudi utotoni, na hasira yangu ni ya mtoto, ile hasira safi ambayo bado haijafundishwa kuangalia upande wa pili.

Niliinama nikatia kidole kwenye kisiki kimojawapo. Kidole kikaingia. Nikatia cha pili. Ndani mlikuwa na mirija mitupu, imelala sambamba kama makaroni.

"Unaona!" nilimwambia msimamizi wao, kijana mstaarabu mwenye kofia ya njano. "Unaona hizi nguzo zilivyokuwa zimeoza?"

"Naona, mama," alisema. "Ila hivi visiki vimekaa majini tangu enzi za mkoloni. Nani ajuaye vililiwa kabla gati halijaanguka au baada?"

 Nina shahada, nina miwani, na nikajikuta nimeinama tena kukitazama kisiki. Nikamwomba kipande, nikakifunga kwenye kanga, nikarudi nacho nyumbani Kinondoni kumwonyesha mama mdogo.

Mama mdogo Zuhura ni mdogo wake marehemu mama. Sasa ni mzee, anaishi kwangu, analalamikia chumvi ya chakula na sauti ya redio ya jirani. Zamani zile alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuvuka maji, mgomvi, mcheshi, mpenda nguo, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa lelemama pale Mtoni. Mama alikuwa na maandazi yake ya kuuza, hakuwa na muda wa kunichunga, kwa hiyo kila maji yalipotoka nilikabidhiwa kwa mama mdogo nimfuate akienda kuvunja chaza.

Chaza walikuwa kwenye nguzo za gati. Gati lenyewe lilikuwa la mbao, refu, limesimama juu ya safu mbili za nguzo, likianzia mchangani mpaka pale mkondo ulipokuwa na kina cha kupokea mashua. Nazi na mkaa wa ng'ambo vilishukia pale. Wagonjwa pia walishukia pale, na wakwe. Watu wote waliopita juu walilijua gati kama njia. Sisi wa chini tulilijua kama nyumba. Maji yakitoka, chini yake mlikuwa na kivuli cha baridi, tope lililonyonya miguu mpaka karibu na magoti, na mistari ya jua iliyopenya kati ya mbao na kutuchora migongoni kama punda milia. Wanawake waligonga chaza kwa mawe, wakisengenyana kwa sauti kubwa, kwa sababu walioko juu hawakuwahi kukumbuka kwamba chini kuna watu wenye masikio.

Nami nilikuwa na jiwe langu dogo. Chaza sikuwavunja, nilikuwa naogopa kukatwa na magamba. Nilikuwa nikipiga hodi.

Kwetu mtoto hufundishwa hodi kabla hajafundishwa kujifunga nguo. Huingii kwa mtu bila hodi. Ukiitikiwa, ingia, usipoitikiwa, hakuna mtu, rudi ulikotoka. Nilikuwa nimelishika fundisho hili vizuri kuliko yote niliyofundishwa baadaye kwa ada kubwa. Nikagundua kwamba nguzo nyingine ukizigonga hutoa sauti fupi, ko, kama mtu anayekufungia mlango: hizo zilikuwa tupu, wenyewe wametoka. Nyingine zilijibu. Ziliitika kwa sauti nene, ya tumboni, buu, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Hizo zilikuwa na wenyeji.

"Unaongea na nani, wee mtoto?" mama mdogo aliniuliza siku moja aliponikuta nimebandika sikio kwenye nguzo.

"Na mwenye nyumba."

"Haa! Anaitwa nani?"

"Hajasema."

"Basi muulize kama ana mke. Mie nimechoka na huyu wangu."

Wanawake walicheka mpaka wakaangusha mawe. Tangu siku hiyo nikawa kama balozi. Kila tuliposhuka nilizunguka kugonga, kisha nikampelekea mama mdogo habari. "Mama mdogo, hii ya pembeni nayo imepata mtu." "Mama mdogo, wa katikati wameongezeka." Naye bila kuinua macho kwenye chaza wake alikuwa akijibu, "Wapangaji hao! Waambie gati ni la Mfalme, malalamiko wapeleke Uingereza." Nilifurahi. Nilikuwa mtoto wa pekee nyumbani, na kadiri nguzo zilivyojaa watu ndivyo nilivyojiona nakaa kwenye mtaa uliochangamka.

Nimekaa maktaba baadaye nikasoma habari za hao wapangaji. Ni mdudu laini, mrefu kama utepe, na kwa ukoo ni ndugu wa chaza. Huingia kwenye mti akiwa mdogo, kwa tundu la ukubwa wa kichwa cha sindano, kisha hukulia humo humo akila mbele, mpaka nguzo ibaki gamba. Kwa nje haionyeshi kitu. Kwa hiyo sikukosea sana: wenyeji walikuwamo. Nilikosea jambo moja tu, kwamba niliogopea nguzo zilizonyamaza na kuzipenda zile zilizoitika.

Na hapa ndipo hasira inapoanza kunipanda, saa za chai zimepita au hazijapita. Kujua gati limefika mwisho si elimu ya siri. Gati halifi kutoka juu. Unasubiri maji yatoke, unavua viatu, unashuka kwenye tope, unatazama pale maji yanapopanda na kushuka, maana hapo ndipo nguzo hukonda kiuno. Unagonga. Unachoma kwa msumari uone unaishia wapi. Ukitaka uhakika unakata sampuli. Yote hayo yanamalizika kabla maji hayajarudi. Lakini lazima ushuke.

Bwana aliyetumwa kulikagua gati letu hakushuka. Tulimwita Bwana Buti, kwa sababu ya buti zake ndefu zilizong'aa, na nadhani buti hizo ndizo zilizotuua. Alikuja asubuhi moja na msimamizi wa vibarua, mtu wa pwani kama sisi, mwenye mdomo. Tulikuwa chini tukivunja chaza. Tuliona buti zikipita juu yetu kwenye nafasi za mbao, ko, ko, ko, mpaka mwisho wa gati. Pale mwisho zikasimama. Kisha Bwana Buti akaruka. Naapa. Mtu mzima, mwenye mshahara wa serikali, aliruka juu kwa miguu yote miwili, akatua, akasikiliza, akaruka tena. Unga mweupe ukatudondokea vichwani. Mimi nilidhani wenyeji wanakung'uta mikeka yao.

Mama mdogo alijifuta unga usoni, akautazama kwenye kiganja. Akaitazama nguzo iliyo karibu naye. Akapaza sauti.

"Wee msimamizi! Mwambie bwana wako ashuke huku. Nguzo zimekonda hizi!"

Uso wa msimamizi ukachungulia kati ya mbao. "Zimekonda?"

"Zimekonda viuno. Njoni muone."

"Bi Zuhura, hata wewe umekonda na bado unatembea!"

Watu wakacheka, juu na chini. Mama mdogo mwenyewe alicheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuheshimu utani mzuri hata ukimpiga yeye. Mimi pia nilicheka. Nimejuta vicheko vingi maishani, lakini hicho ndicho ninachokisikia bado. Bwana Buti aliuliza wanacheka nini, msimamizi akamwambia ni wanawake tu, naye bwana akasema "imara" kwa Kiswahili chake, na wiki iliyofuata vibarua walikuja na makopo ya rangi. Wakalipaka gati lote rangi nyeupe, mbao na vishikio. Lilipendeza kiasi kwamba watu walitoka Temeke kuja kulitazama.

Na kwa kuwa lilipendeza, ndipo mama mdogo alipoamua kwamba harusi ya Mwanahawa itapokelewa pale.

Mwanahawa alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Walizaliwa nyumba zinazotazamana, walichezwa unyago pamoja, walikuwa wakivaa kanga za doti moja. Sasa Mwanahawa alikuwa anaolewa na mtu wa ng'ambo, na upande wa bwana harusi ungekuja kwa mashua maji yakijaa. Kawaida tungewapokea nyumbani. Mama mdogo alisema hapana, tutawapokea kwenye gati kwa lelemama, wajue wanakuja kuoa wapi.

"Na nguzo?" mama yangu alimuuliza. Nakumbuka, kwa sababu nilikuwa nasukwa nywele katikati ya magoti yake.

"Nguzo zimekaguliwa na Mzungu, dada. Mie ni nani?"

Bi Kibibi, mama yake Mwanahawa, alisema yeye mwenyewe atasimama mwisho kabisa wa gati, ampe mkono mama mkwe ashuke kwa heshima. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kuishia kwenye kikohozi, na siku zote alikuwa na kashata kwenye pindo la kanga kwa ajili ya watoto wa watu.

Sijui kama wasomaji wa siku hizi wamewahi kuiona lelemama. Si ngoma ya kuruka. Wanawake husimama mstari, bega kwa bega, wamevaa sare. Mikono ndiyo inayocheza, shingo inageuka polepole, na miguu inahama kidogo sana, kama mtu anayetafuta ndara chini ya kitanda kwa ncha ya kidole. Pembe zinagongwa kwa vijiti, mwimbishaji anatoa maneno, mstari unaitikia. Ni ngoma ya kiburi. Mtu anayecheza lelemama hataki hata vumbi limwone anatikisika. Hivyo ndivyo walivyocheza asubuhi ile, na mimi nyuma yao upande wa ufukweni, nimefungwa leso kiunoni, nikiyumba kuliko wote.

Mashua ilikuwa imekaribia kiasi kwamba tuliona meno ya watu wake wakituchekea. Gati halikuvunjika kwa kishindo. Ningesema lilikaa. Lilikaa kama bibi mzee anavyokaa mkekani, taratibu, likiguna, sehemu ya mbele kwanza, na ile rangi nyeupe yote ikainama kuelekea majini, na mstari wa wanawake ukateleza nayo, bado bega kwa bega. Pembe moja iligongwa tena baada ya hapo. Aliyeigonga hakuwa ameelewa bado.

Watu wa mashua walijitosa. Waliwatoa mmoja mmoja, wanawake wanatapika maji, sare zimewang'ang'ania. Mama mdogo alitolewa mkono umevunjika akarudi majini na mkono uleule, wakamtoa kwa nguvu, akarudi tena. Alikuwa akimtafuta Bi Kibibi. Walimpata saa nyingine kabisa, chini ya mbao nyeupe, maji yalipoanza kutoka.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alikuja kufanya baraza baada ya siku chache, chini ya turubai, pamoja na karani wa kumtafsiria. Tulidhani amekuja kuuliza gati limeangukaje. Hakuuliza hivyo. Swali lilikuwa moja, na kila mwanamke alisimamishwa akaulizwa lilelile: "Mlicheza, au hamkucheza?"

Usiku uliotangulia wakubwa walikuwa wamekwisha kukubaliana. Waliogopa jela. Kwa hiyo walisimama mmoja baada ya mmoja, wakasema hawakucheza, walisimama tu. Na Kurasini yote ilikuwa imesikia pembe! Mpaka leo siwezi kuamua ni nani wa kunikasirisha zaidi, aliyeuliza swali la kipumbavu au sisi tuliolijibu kwa uongo wa kipumbavu. Maana baada ya hapo hatukuwa tu wanawake waliovunja gati. Tulikuwa waongo waliovunja gati.

Zamu ya mama mdogo ilipofika, mkono umefungwa vibanzi, alisema, "Bwana, nilisema nguzo zimekonda. Msimamizi yule pale, muulizeni."

Msimamizi alitazama kucha zake.

"Bwana Shauri anauliza," karani alisema, "ulicheza au hukucheza?"

"Nguzo, bwana..."

"Bi mkubwa. Ulicheza au hukucheza?"

Mama mdogo akakaa chini. Mimi ndipo nilipochomoka kwenye mapaja ya mama. Niliona wakubwa wamesahau shahidi muhimu. Nikasimama mbele ya meza, nikampa Bwana Shauri shikamoo yake, nikasema kwa sauti, "Nguzo zote zilikuwa na watu ndani. Mimi nilizigonga zote. Ziliitika."

Bwana Shauri akamgeukia karani. Karani alitabasamu kwa huruma. "Mtoto anasema mambo ya majini, bwana."

Bwana Shauri akapunga mkono. Nikabebwa mzobemzobe. Na hivyo, ukaguzi pekee wa nguzo zile uliowahi kufanywa, nguzo kwa nguzo, kwa jiwe, kutoka chini, na mkaguzi aliyekuwa tayari kutoa taarifa bila malipo, uliondolewa barazani ukipiga mateke. Sijapata kupuuzwa hivyo tena mpaka nilipokuwa mjumbe wa kamati za chuo.

Gati jipya lilijengwa kando ya visiki vya lile la kwanza, na mwanzoni mwake kikawekwa kibao: ni marufuku kupiga ngoma juu ya gati. Hakuna aliyetumwa kuligonga. Kibao kilipakwa rangi kila mwaka.

Ndoa ya Mwanahawa ilifungwa kimya kimya baada ya msiba. Alivuka kwenda kwa mumewe bila kuagana na mama mdogo, na tangu hapo hakumsemesha. Wakikutana sokoni, Mwanahawa aligeuza uso akatazama nyanya. Mama mdogo alituma salamu, hazikujibiwa. Alituma watu, walirudi wameinamisha vichwa. Alikwenda mwenyewe, akakalishwa barazani mpaka jua likamfuata, akarudi. Hakucheza tena. Kanga zao za doti moja alizigawa. Mtaani watoto wenzangu waliimba kijiwimbo cha mwanamke aliyevunja gati kwa makalio, na mimi nikawarushia mawe, nikisema hatukucheza, hatukucheza, nikiujenga uongo wetu mpaka nikaumeza mwenyewe. Lakini nilichokuwa nakitaka si kwamba watu waamini hatukucheza. Nilitaka Mwanahawa amtazame mama mdogo.

Kwa hiyo niliporudi na kile kipande nikakiweka mezani mbele yake, nilitegemea kitu kikubwa. Mama mdogo alikigeuzageuza, akatia kidole kwenye tundu.

"Wapangaji wako," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Kila siku uliniambia. Na mie nikakufanyia mzaha."

Hilo sikuwahi kulijua. Nilidhani kwa miaka yote amekaa na hasira kama yangu. Kumbe nusu ya kesi alikwisha kujihukumu mwenyewe.

Kesho yake nikakodi teksi, nikavuka kwa pantoni, nikaenda Kigamboni kwa Bi Mwanahawa na kipande changu kwenye kanga kama wakili na kielelezo. Mjukuu wake, msichana wa shule, alinipokea mlangoni.

"Bibi anasema amelala."

"Anasema mwenyewe?"

"Ndiyo," msichana akasema, akaona aibu.

Basi nikahutubia dirisha. Nilieleza mdudu, nikaeleza kiuno cha nguzo, nikaeleza Bwana Buti na kuruka kwake. Nilikiri kwamba tulicheza. Nikaeleza uzito wa lelemama ukilinganisha na uzito wa magunia ya mkaa yaliyopita pale kila wiki. Nilikuwa nikieleza vizuri sana. Ndani, redio ikaongezwa sauti. Nikakiacha kipande kwenye kibaraza, nikamwachia msichana namba yangu ya simu, nikarudi nyumbani nikamdanganya mama mdogo kwamba sikumkuta.

Simu ililia siku chache baadaye, mchana, tukiwa tunakula.

"Wewe ndiye yule mwenye mdomo?" sauti ya mwanamke mzee iliniuliza.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Kile kipande chako nimekitia jikoni. Hata kuwaka hakijui, moshi tu, umeniua macho."

 Ushahidi wangu wa pekee!

"Sikukihitaji," aliendelea. "Mama walipomleta, alikuwa amekunja ngumi. Mie ndiye niliyeikunjua. Nina hina mbichi mikononi, namkunjua mama kidole kimoja kimoja, kwa sababu waoshaji walishindwa. Alikuwa ameshika kipande cha nguzo. Kikavunjikia kiganjani mwangu kama sega la nyuki. Siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usije kunifundisha habari za nguzo mlangoni kwangu."

"Kumbe ulijua," nilisema. "Ulijua siku zote."

"Nilijua."

"Sasa mama mdogo umemnunia kwa nini?" Sauti yangu ilipanda, na heshima ilinitoka, na sijutii. "Miaka yote hii, Bi Mwanahawa! Kwa nini yeye?"



"Ningemnunia nani, mwanangu? Mzungu? Angejuaje kama nimemnunia? Msimamizi hata jina lake silijui. Serikali haina uso. Zuhura alikuwa karibu. Zuhura nikimnunia alikuwa anaumia." Akapumua. "Nilitaka mtu aumie. Halafu miaka ikapita, nikaona haya ya kuacha. Yupo hapo?"

Mama mdogo alikuwa amekwisha kusimama. Sijui alisikia kiasi gani. Simu yangu ina kelele kama ya sokoni. Alininyang'anya ule mkono wa simu. Hakusema hujambo, hakusema pole.

"Mwanahawa," alisema, "ungetununia kwa zamu basi. Mwaka mmoja mie, mwaka mmoja serikali."

Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu mabega ya mama mdogo yakianza kutikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka, nikasogea karibu nipate kusikia. Akaziba simu kwa kiganja, akanitazama, mimi na mvi zangu na miwani yangu.

"Toka hapa," aliniambia. "Haya ni mazungumzo ya wakubwa."